Bajeti ya Safari Inaanzia Siku ya Kurudi

(Haya ni mazungumzo ya mhamasishaji wa maendeleo mbele ya wanachama wa vikundi vya kujisaidia, katika mafunzo ya waweka hazina. Tumeyachapisha karibu jinsi yalivyosemwa.)

Tafadhali walio nyuma wasogee mbele kidogo, sauti yangu si kubwa.

Nimeombwa niseme juu ya bajeti. Kila mara tukisema bajeti hapa tunasema mbegu, mbolea, karo na mabati. Leo tuchukue kitu kingine, kwa sababu mmeniuliza ninyi wenyewe. Katika vikundi kadhaa nimekuta swali moja: je, sisi watu wa shamba tunaweza kuwachukua watoto wakati wa likizo ya Agosti, tukavuka mpaka, tukalala katika hema siku tatu nne kule Uganda, tukaona mahali Mto Naili unapoanzia, halafu tukarudi nyumbani bila kuuharibu mwaka mzima?

Mahali pengine swali hili liliwachekesha watu. Mzee mmoja alisema kulala katika hema ni mambo ya watalii, mtu mwenye nyumba yake ya mabati atalipaje pesa ili alale nje? Nikamwuliza kama amewahi kwenda Namugongo kwa hija ya tarehe 3 Juni. Akasema ameenda mara mbili. Ulilala wapi, mzee? Akacheka sana. Alilala chini ya turubai pamoja na wajukuu wawili. Kumbe ameshakwenda nchi ya kigeni na familia na kulala kambini mara mbili, ila hakujua jina lake.

Basi jibu langu ni ndiyo, inawezekana. Lakini haiwezekani kwa ile njia ambayo wengi wetu hupanga safari. Sisi huhesabu kutoka mlangoni kwenda mbele: nauli ya kwenda, chakula, mahali pa kulala, vitu vya watoto. Pesa zikiisha, ndipo tunakumbuka kwamba kuna kurudi. Mimi nataka leo mhesabu kinyume. Anzeni na siku mnayorudi. Itakuwa tarehe gani? Siku hiyo jikoni kutakuwa na unga? Zitakuwa zimebaki siku ngapi shule zifunguliwe?

Likizo ya Agosti siku hizi ni kama wiki tatu, na muhula wa tatu hufungua kabla mwezi haujaisha. Hapo ndipo hatari ilipo. Mama anavuka mpaka na mfuko mmoja. Ndani ya mfuko huo kuna nauli ya kurudi, kuna karo, na kuna pesa za soda. Mtoto akilia, hakuna anayejua ni shilingi ipi imetoka. Mnacheka, lakini mnajua nasema kweli.

Kwa hiyo bahasha ya kwanza kufungwa ni ya kurudi. Ndani yake weka nauli ya kutoka kule mpaka mlangoni kwako, na pesa za kununua unga, sukari, sabuni na mafuta ya taa kwa wiki ile ya kwanza. Karo haiingii safarini kabisa. Ilipwe kabla, au iachwe benki au katika akiba ya kikundi. Bahasha ya kurudi apewe mtu ambaye watoto hawawezi kumwomba. Katika nyumba nyingi mtu huyo ni nyanya.

Sasa tupige hesabu. Tuseme ni familia ya watu sita kutoka karibu na Mumias: baba, mama, nyanya, na watoto watatu wa miaka 14, 11 na 6. Wanataka kwenda Jinja kupitia Busia, walale usiku mara tatu. Kutoka Busia mpaka Jinja ni kama kilomita 120, barabara ni ya lami. Bei nitakazoweka ni za mfano tu, ili tujifunze hesabu. Msije mkaniambia kondakta amekataa bei ya mhamasishaji! Kila familia iende ikaulize bei zake, mwezi ule ule.

(Hapa hesabu iliandikwa ubaoni.)

Nauli ya nyumbani hadi Busia, watu 6 kwa 200, kwenda na kurudi: 2,400
Nauli ya Busia hadi Jinja, watu 6 kwa 700, kwenda na kurudi: 8,400
Gari la kubeba mizigo hadi kambini na kuitoa: 1,000
Kambi, wakubwa 3 kwa 600 na watoto 3 kwa 300, siku 3: 8,100
Kukodi mahema mawili kwa 150, siku 3: 900
Chakula kutoka nyumbani: 2,500
Chakula cha kununua kule na makaa, siku 4 kwa 400: 1,600
Mashua na matembezi: 3,000
Chanjo, watu 6 kwa 1,500: 9,000
Picha na stakabadhi za watoto: 1,500
Mtu wa kukamua na kulinda boma, siku 4 kwa 400: 1,600
Dharura: 4,000
Wiki ya kwanza baada ya kurudi: 3,000
Jumla: shilingi 47,000

Nasikia mmenyamaza. Ni pesa nyingi, ndiyo. Mtu akisema safari ya hema ni ya bure kwa sababu hakuna hoteli, mwonyesheni ubao huu. Hebu tuangalie mzigo uko wapi.

Nauli na gari la mizigo ni 11,800. Pesa hizi ni zile zile mkilala siku mbili au siku tano. Mkipunguza usiku mmoja mtaokoa kambi 2,700, mahema 300, chakula 400 na mlinzi 400. Hiyo ni 3,800 peke yake katika 47,000. Maana yake ni kwamba kwa familia kubwa umbali ndio ghali. Usiku katika hema ni rahisi kuliko nauli. Kwa hiyo mkitaka kupunguza, chagueni mahali pa karibu na mkae papo hapo. Wale wanaotaka Jinja, halafu Kampala, halafu Entebbe, wote kwa siku nne, watakuwa wamelipa makondakta na kuona migongo ya viti. Mimi siwashauri hivyo hata mkiwa na pesa.

Mzigo wa pili ni chanjo na stakabadhi, 10,500. Huu ndio watu huusahau, na ndio unaowarudisha mpakani. Uganda hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ile kadi ya rangi ya manjano. Chanjo lazima idungwe angalau siku 10 kabla ya kuvuka, basi msingoje wiki ya mwisho. Jambo jema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti hiki hutumika maisha yote. Mtu aliyedungwa zamani, kadi yake ikiwa nzima, halipi tena. Tafuteni masandukuni, pengine baba alidungwa wakati wa kazi.

Lakini hapa kuna neno juu ya nyanya. Kwa mtu aliyepita miaka 60 ambaye hajawahi kudungwa chanjo hii, hatari ya kupata madhara huwa kubwa zaidi, na daktari ndiye wa kuamua. Vivyo hivyo kwa mama mjamzito au anayenyonyesha. Msimpeleke nyanya kwenye foleni kama mnayempeleka mtoto wa shule. Aonwe kwanza na daktari, na kama daktari amekataa, muulize ni barua gani itakubaliwa mpakani kabla hamjanunua hata kiberiti cha safari.

Tangu Januari 2014 Mkenya mwenye kitambulisho cha taifa anaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho hicho. Kwa wakubwa hiyo imepunguza gharama sana. Watoto hawana kitambulisho. Nendeni ofisi ya Uhamiaji mapema mkaulize mtoto wa umri wenu anahitaji karatasi gani. Mkienda, bebeni cheti cha kuzaliwa, kwa sababu hicho ndicho kitaulizwa kwanza. Na hapa najua kuna nyumba nyingi ambazo mtoto wa miaka sita bado hana cheti. Kama ni hivyo, cheti ndicho safari yenu ya mwaka huu. Mtakihitaji shuleni hata kama hamtamwona Naili kamwe. Mkienda na mtoto wa ndugu yenu, bebeni barua ya wazazi wake, wasije wakadhaniwa mmemwiba.

Pale Busia kazi imekuwa rahisi tangu kituo cha pamoja kizinduliwe rasmi Februari 2018. Ukienda Uganda unavuka, halafu maafisa wa nchi zote mbili wanakuhudumia upande wa kule, chini ya paa moja. Zamani ulipanga foleni huku, ukatembea na mzigo kichwani, ukapanga foleni tena kule. Si ndipo lilipotoka neno boda boda? Vijana wa baiskeli waliwabeba watu kutoka mpaka hadi mpaka, kutoka boda hadi boda, na jina likaenea Afrika Mashariki yote.

Sasa juu ya pesa zenyewe. Shilingi ya Uganda ni nyingi kwa hesabu lakini ndogo kwa thamani, na hapo watu wetu huchanganyikiwa. Tuchukue shilingi yetu moja kuwa 28 zao. Hubadilika, ulizeni siku hiyo. Kwa kiwango hicho, elfu moja ya Uganda ni kama 36 zetu. Basi ukiambiwa kitu ni 15,000, toa zile sufuri tatu, ibaki 15, uzidishe mara 36. Ni 540. Mfundisheni mtoto wa miaka 11 hesabu hii nyumbani, na mkifika sokoni yeye ndiye awe kinywa cha familia. Atajivuna, na hamtaibiwa. Noti kubwa yao ni ya 50,000, nayo haifiki hata 1,800 yetu kwa kiwango hicho, kwa hiyo msitishwe na unene wa bunda. Badilisheni dukani penye leseni na mpewe risiti. Yule kijana anayewafuata barabarani akihesabu haraka haraka, mwacheni ahesabu na wengine.

Twende kwenye chakula, maana hapa akina mama mna elimu kunishinda. Nimeandika 2,500 kwa chakula cha kutoka nyumbani, na mwenyekiti wa kikundi kimoja aliniuliza, mahindi yetu wenyewe yanahesabiwaje? Yanahesabiwa kwa bei ya soko. Gorogoro nne za unga mkila Jinja hamtazila Septemba, na Septemba mtanunua. Mama hana budi kuandika. Bebeni unga, maharagwe yaliyochaguliwa mawe tayari, omena, chumvi, majani chai, sukari. Maharagwe yachemsheni kabisa siku ya kuondoka, yaliwe jioni ya kwanza, kwa sababu jioni ya kwanza kila mtu amechoka, hema halijasimama, mtoto analia, na hapo ndipo familia hukimbilia hotelini na kula pesa za siku mbili. Matoke, samaki na mboga mtanunua kule. Kuku hai na miche ya shambani iacheni nyumbani, wanyama na mimea hukaguliwa mpakani.

Sufuria mbili, mwiko, sahani za plastiki ngumu, jiko dogo la makaa. Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Jiko la makaa haliingii ndani ya hema. Hata kama mvua inanyesha, hata kama watoto wanatetemeka, hata kama makaa yanaonekana kama yamekufa. Makaa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na hema lililofungwa huizuia ndani. Watu hulala wasiamke. Upikaji ni nje, chini ya turubai lililo wazi pande zote, na jiko limwagiwe maji kabla ya kulala. Kwa baridi bebeni blanketi na mikeka miwili kwa kila hema, mmoja chini na mwingine juu yake, kwa sababu baridi ya hema hutoka ardhini.

Mvua je? Tusidanganyane kwamba Agosti ni kiangazi kule. Wageni kutoka Ulaya husafiri mwezi huo kwa sababu kwao ndio wakati wa jua, na sisi tukiwaona na mahema tunafikiri jua ni la wote. Upande wa mashariki ya Uganda mvua za alasiri huja mwezi wa Agosti, na kwenye Mlima Elgon hunyesha sana. Simamisheni hema mahali palipoinuka kidogo, mchimbe mfereji mdogo kuzunguka ikiwa wenye kambi wameruhusu, na turubai lipite juu ya hema bila kuligusa.

Wengine mmesema mngependa Sipi, kwa sababu kupitia Malaba na Mbale ni karibu na Bungoma. Sipi ni pazuri, maporomoko matatu, lile kubwa linaanguka karibu mita 100. Na kwa ndugu zetu Wasabaot, wenyeji wa kule husema lugha iliyo jirani kabisa na yao. Lakini milima hiyo ina historia. Machi 2010 udongo uliporomoka Bududa na kufunika vijiji, mamia ya watu wakafa. Mwishoni mwa Julai 2022, siku zile zile ambazo sisi tungekuwa tunafunga mizigo, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Usisimamishe hema chini ya mteremko mkali wala kando ya mto, hata kama nyasi ni nzuri. Kama imenyesha siku mbili mfululizo, badilisheni mahali au mkae nyumbani. Pia kumbukeni, katika miaka inayogawanyika kwa mbili Wamasaba hutahiri vijana wao kuanzia Agosti, kama Wabukusu wa huku kwetu. Barabara hujaa ngoma na watu, na magari huwa haba. Kwa mtu anayependa kuona hayo ni bahati. Kwa mtu mwenye mizigo na nyanya ni kazi.

Turudi Jinja. Watoto wataona nini? Wataona mahali ziwa letu la Viktoria linapogeuka kuwa mto. Maji yale hupita Sudan Kusini, Sudan na Misri mpaka Bahari ya Mediterania. Mwingereza John Hanning Speke alifika hapo mwaka 1862 akapaita Ripon, ingawa waliokuwa wakiishi hapo walikuwa na majina yao. Msiende kutafuta maporomoko ya Ripon. Yalizama bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954. Hata yale ya Bujagali, ambayo wazee waliyaona, yalifunikwa na maji ya bwawa jipya lililozinduliwa mwaka 2012. Lakini daraja jipya la kamba za chuma, lililofunguliwa Oktoba 2018, lina urefu wa mita 525, na mtoto wa darasa la sita anaweza kulipima kwa hatua zake akiruhusiwa. Kuna pia ukumbusho wa Gandhi, ambaye sehemu ya majivu yake yalimwagwa katika mto huo mwaka 1948. Kutazama maji hakuna ada kubwa. Ile 3,000 ya mashua ndiyo ya kwanza kukatwa pesa zikipungua.

Kuoga je? Hapana, si kando ya majani ya ziwa na mto. Maji hayo yana kichocho. Mnaotoka ukanda wa ziwa mnakijua, lakini jamaa zenu wa milimani hawakijui. Hao wa milimani pia hawajazoea malaria. Bebeni neti za nyumbani, kila hema na neti yake, na mtoto akipata homa hata wiki tatu baada ya kurudi, mwambieni daktari alikuwa Jinja. Asipoambiwa, atadhani ni mafua ya Kericho.

Kitu kidogo cha kurudi nacho. Huku kwetu mifuko ya plastiki ya kubebea vitu imekatazwa tangu tarehe 28 Agosti 2017. Mkinunua vitu kule na kufungiwa katika mfuko wa namna hiyo, uacheni kabla ya mpaka. Kikapu cha mama kinatosha.

Sasa pesa zitoke wapi? Hili ndilo lililonileta kwa waweka hazina hasa. Najua kutakuwa na mwanachama atakayekuja Julai na kusema, nipeni mkopo wa kikundi, nitarudisha. Tuseme anachukua 20,000, na kikundi chake hutoza riba ya asilimia 10 kwa mwezi juu ya mkopo wote, kama vikundi vingine vinavyofanya. Ni 2,000 kila mwezi. Akilipa kwa miezi mitano, riba ni 10,000. Safari ya siku nne inalipwa kutoka Septemba mpaka Januari, na Januari ndio mwezi wa sare na karo. Mkopo wa kununua ng'ombe, ng'ombe husaidia kuulipa. Mkopo wa kuona Naili, Naili hailipi kitu. Mweka hazina, una haki ya kumwambia hapana, na mwenyekiti akuunge mkono.

Njia nyingine zipo. Ya kwanza ni kuweka polepole. Shilingi 47,000 kwa miezi 10 ni 4,700 kwa mwezi, na katika nyumba nyingi zilizo hapa hiyo haiwezekani, tuseme ukweli. Kwa miezi 20 ni 2,350. Bado ni nzito, lakini mwenye ng'ombe wa maziwa anaweza kutenga maziwa ya jioni. Mwaka wa kwanza fanyeni vyeti na chanjo, kwa sababu havioizi wala haviibiwi, na mwaka wa pili iwe nauli na kambi. Ya pili, kwa vikundi vyenye chama cha mzunguko, mwanachama aombe zamu yake ibadilishwe iwe Julai. Ila akumbuke kwamba zamu si zawadi. Miezi inayobaki ataendelea kutoa kama wengine. Ya tatu, familia mbili ziende pamoja. Gari la mizigo linagawanywa, jiko ni moja, turubai ni moja, na watoto wanachungwa na macho mengi. Lakini daftari liwe mawili. Urafiki mwingi umekufa kwa sababu ya nani alinunua samaki.

Daftari lenyewe liwe na mistari miwili: tulichopanga, na tulichotumia. Mtoto wa miaka 14 aandike kila jioni kabla ya kulala, mbele ya wote. Mkitumia 600 badala ya 400 siku ya kwanza, kesho yake ni 200, na kila mtu ataijua sababu bila mama kugombana na mtu. Mkirudi, leteni daftari kikundini lisomwe. Familia itakayofuata haitahitaji bei zangu za ubaoni.

Naona mama mmoja ameinua mkono. Anauliza, je, kikundi kisinunue mahema kikawa kinakodisha kwa wanachama, kama tunavyokodisha viti na ile hema kubwa ya matanga?

Ni swali zuri, tulipigie hesabu papa hapa. Tuseme mahema mawili ya kulala watu watatu watatu ni 12,000. Tumesema familia inalipa 900 kwa safari. 12,000 kugawanya kwa 900 ni 13 na kitu, basi mnahitaji familia 14 ili pesa zirudi. Katika kikundi chenu ni ngapi zitakwenda kwa mwaka? Unasema tatu. Basi ni karibu miaka mitano, na sijaweka zipu ya kushona wala panya wa stoo. Mahema ya bei hiyo sidhani yatafika huko. Lakini vikundi vinne mkishirikiana, familia 12 kwa mwaka, pesa zingerudi mwaka wa pili mwanzoni. Taabu ni kwamba wote watayataka Agosti, wiki zile zile tatu, na mahema mawili yatatosha safari nne au tano tu. Kwa hiyo mwaka huu kodisheni au azimeni, mhesabu ni wangapi wamekwenda kweli, si waliosema watakwenda, na mkutano wa Januari muulize swali hili tena mkiwa na hesabu hiyo mkononi.